Gold Wing ivae tairi la gari au la pikipiki nyuma? Ulinganisho kwa wasafiri wa masafa marefu

Swali hili ni la Marekani na Kanada kuliko la kwetu. Bodaboda wa Mwanza au Nakuru haliwezi kumnyima usingizi: Boxer huvaa 3.00-17 nyuma, na hakuna tairi la gari litakaloingia kwenye rimu nyembamba kiasi hicho. Lakini ndugu yetu aliyeko Ohio, Texas au Ontario, aliyejinunulia Honda Gold Wing, pikipiki kubwa na nzito ya safari ndefu, na sasa anapanga kuvuka bara, atakutana nalo mapema. Akifika tu kwenye mkusanyiko wa wenye pikipiki hizo atakuta wazee wawili wanabishana. Mmoja amevalisha nyuma 180/60R16 ya pikipiki (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, na rimu kwa inchi) kama kiwanda kilivyoagiza. Mwenzake amevalisha 195/55R16, tairi la gari dogo la familia, na anaapa harudi alikotoka. Hawa wa pili wanajiita, kwa utani, watu wa upande wa giza.

Tuweke mipaka kwanza. Tunazungumzia gurudumu la nyuma peke yake. La mbele hubaki na tairi la pikipiki. (Wapo wanaochukua tairi la nyuma la pikipiki na kulivalisha mbele kwa kugeuza mshale wa mzunguko. Hayo tuwaachie wenyewe.) Na pikipiki ninayoizungumzia ni Gold Wing ya GL1800, iliyoanza na modeli ya 2001, kwa kuwa ndiyo inayobishaniwa zaidi. Kizazi kilichoanza na modeli ya 2018 kinavaa 200/55R16 nyuma. Mwenye pikipiki nyingine nzito, kama Triumph Rocket III, atapata mengi humu, ila vipimo vya tairi lake avitafute mwenyewe.

Tupime kwa vigezo gani?

Nimechagua sita: kona, rimu, maisha ya tairi na gharama, mvua na breki, mzigo na pancha, na mwisho fundi pamoja na bima. Havina uzito sawa. Viwili vya kwanza vinahusu kama utabaki juu ya pikipiki, na pesa utakayookoa kwenye cha tatu haivifidii. Anayeanza na bei ameanzia katikati ya kitabu.

Kona

Tairi la pikipiki ukilitazama kwa nyuma ni la mviringo, na kashata zake zinapanda ubavuni hadi karibu na rimu. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo haipindi kwa kukata usukani kama gari. Inalala. Ukisukuma hendeli ya kulia mbele kidogo, pikipiki inalala kulia, na tairi linabingirika juu ya mgongo wake kutoka katikati kwenda pembeni. Sehemu inayogusa lami inahama tu, umbo la tairi halibadiliki sana, na mpira uliolala hivyo wenyewe unavuta kuelekea ndani ya kona. Ndiyo maana Gold Wing, pamoja na mwili wake wa kifaru, ikishalala kwenye kona hutulia pale ulipoiweka mpaka uamue kuiinua.

Tairi la gari lina uso bapa. Limebuniwa lisimame wima maisha yake yote. Gari likipinda, kinachoinama ni bodi. Ukililaza, bega la upande wa ndani ya kona linabanwa kwenye lami, bega la pili linataka kunyanyuka, na ubavu unajikunja kufidia tofauti. Hapa watu wa upande wa giza wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Wamefunga kamera chini ya pikipiki na kupita kwenye kona, na zinaonyesha kwamba kwa mlalo wa kawaida wa safari sehemu nzuri ya uso wa tairi inabaki chini, kwa sababu ubavu wa tairi la gari ni laini. Wanaodhani tairi bapa linasimama kwenye ncha kama sarafu wanakosea.

Kinachobadilika zaidi ni mikono. Kwenye tairi la gari pikipiki inataka kusimama muda wote, kwa hiyo huisukumi hendeli mara moja ukaacha. Unaisukuma tangu mwanzo wa kona hadi mwisho. Ukilegeza, inanyooka na kutanua njia. Marekani wanaendesha mkono wa kulia, hivyo kutanua kwenye kona ya kulia ni kuingia upande wa wanaokuja. Dereva anayeijua pikipiki yake anazoea, wengi wanasema ndani ya siku chache. Swali la kujiuliza ni lile la dharura: kona imekaza kuliko ulivyotegemea, kuna changarawe, na unahitaji kulaza zaidi papo hapo. Tairi la mviringo linakupa mlalo huo kwa msukumo ule ule uliouzoea. Tairi bapa linadai nguvu zaidi, wakati ambao akili tayari imeshughulika na kitu kingine.

Kuna la pili, dogo lakini la kila siku. Lami ikiwa na mabonde ya matairi ya malori, au bega la barabara likiwa limeshuka, tairi bapa hufuata umbo la lami na kuvuta pikipiki pembeni. Katika maegesho, ukigeuza taratibu huku umekata hendeli, utalihisi pia. Baadhi hupunguza upepo ili ubavu ujikunje kwa urahisi. Honda imeagiza PSI 41 nyuma kwa GL1800, na wao hushuka hadi thelathini na kitu. Hisia inakuwa bora, lakini tairi lenye upepo mdogo huchemka zaidi.

Kwa hiyo tazama ramani yako. US 129, kwenye mpaka wa North Carolina na Tennessee, ina kipande kiitwacho Tail of the Dragon: kona 318 ndani ya maili 11, sawa na kilomita 18 hivi. Wapo wanaokipita kwa tairi la gari, tena kwa kasi. Mimi nisingekipenda. I-80 kupita Nebraska ni dunia nyingine. Unaweza kumaliza asubuhi nzima bila kulaza pikipiki isipokuwa ukitoka kwenda kujaza mafuta.

Rimu

Hapa ndipo mazungumzo ya kijiweni yanapopita haraka, na ndipo mimi ningekaa zaidi.

Tairi hushikwa na rimu kwa ukingo wake wa ndani, ule wenye waya wa chuma. Rimu ya pikipiki na ya gari, hata zote zikiandikwa inchi 16, zimechongwa kwa viwango viwili tofauti pale ukingo unapokalia. Na nundu ndogo ndani ya rimu ya pikipiki, inayozuia ukingo usichomoke upepo ukiisha, iliwekewa ukingo wa tairi la pikipiki.

Angalia fundi anavyolivalisha. Amepaka sabuni pande zote, amefungua kompresa. Tairi la pikipiki linajaa, upande mmoja unakaa kwa mlio mkavu, halafu wa pili, anapima, anashusha hadi 41, kazi imekwisha. Sasa weka la gari. Ubavuni kuna onyo kwa herufi ndogo: wakati wa kukalisha ukingo usizidishe PSI 40. Upande wa kwanza unakaa. Wa pili unagoma, umebaki chini ya mstari uliochorwa ubavuni. Fundi anaongeza sabuni, anapandisha hadi 50. Hakuna. Waliokwishafanya kazi hii wanakuambia kwa utulivu kwamba walifika 60, hata 80, ndipo ukaruka mahali pake. Onyo la 40 halikuandikwa kwa mapambo: waya wa ukingo ukikatika tairi likiwa na upepo mwingi, linaruka kwa nguvu ya kumvunja mtu taya, au kumuua. Na waya ulionyooshwa bila kukatika hauonekani kwa nje.

Upande wa pili nao usikilizwe. Wanasema tairi likishakaa, linabana sana na halitoi upepo, na kwamba wengi wamezunguka bara nzima bila ukingo kuteleza. Ni kweli kwamba wapo wengi. Watengenezaji wa tairi za pikipiki, Dunlop akiwamo, wamekataza bila kumung'unya maneno tairi la gari kuvalishwa kwenye rimu ya pikipiki, na mtu anaweza kusema hao wanalinda biashara yao. Sawa, lakini kampuni hizo nyingi zinauza tairi za gari pia. Hazipotezi mteja ukihama rafu.

Kuhusu vipimo, chaguo la 195/55R16 lina hesabu yake. Kimo chake ni takriban milimita 621, na 180/60R16 ya asili ni 622, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Ukijaribu 205/55R16 kimo kinafika 632 na upana unaongezeka, ilhali nafasi kati ya tairi na mkono unaoshika gurudumu ni finyu. Tairi lililogusa chuma kwa kilomita 120 kwa saa halikupi nafasi ya pili.

Maisha ya tairi na gharama

Hapa tairi la gari linashinda bila mabishano, ila ushindi huo unategemea unasafiri kiasi gani.

Tairi la nyuma la pikipiki kwenye Gold Wing, liwe Dunlop Elite au Bridgestone Exedra, kwa watu wengi hufikia kati ya kilomita 13,000 na 24,000. Anayekaa kwenye barabara kuu hulimaliza vibaya: katikati kunaliwa na kuwa bapa huku pembeni kashata ziko kama mpya. Ajabu ni kwamba tairi la mviringo lililoliwa hivyo linaanza kuwa na tabia ya tairi la gari kwenye kona, na wapo wanaolipanda mpaka kipara. La gari hufika kilomita 40,000, wengine hupita 60,000.

Tuchukue mfano wa bei, nawe uweke za dukani kwako. Tuseme la pikipiki ni dola 230, la gari ni dola 130, na kuvalisha pamoja na balansi ni dola 70 kila mara. Kwa kilomita 48,000 utahitaji matatu ya pikipiki, dola 900, au moja la gari, dola 200. Umeokoa 700. Anayekimbia umbali huo kwa mwaka mmoja anaihisi. Lakini mwenye kutembea kilomita 8,000 kwa mwaka atazimaliza kwa miaka sita, yaani ameokoa chini ya dola 120 kwa mwaka. Wakati huo huo tairi lake limezeeka. Michelin inashauri tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwenye safari chache anaweza kujikuta anatupa tairi la gari lenye kashata tele kwa sababu ya umri.

Kwa wakimbiaji wa masafa ya ajabu, fedha ni nusu tu ya hoja. Iron Butt Rally, mashindano ya pikipiki ya masafa marefu, huchukua siku 11 na baadhi hupita maili 11,000. Ukiwa na tairi la pikipiki lililoanza kuliwa, inabidi upange pa kulibadilisha katikati ya mashindano. Hilo ndilo lililowavuta wengi.

Mvua, baridi na breki

Kwa kifupi. Tairi la mviringo lina eneo jembamba la kugusa lami, nalo hukata maji vizuri. La gari ni pana, linategemea mifereji yake, na mifereji hiyo huanza ikiwa na kina cha kutosha. Likiwa jipya halina shida, likikaribia kuisha kuwa mwangalifu kwenye madimbwi. Kwenye baridi, mpira wa tairi la gari la misimu yote unabaki laini, na watu wanaopanda mwezi wa kumi na moja huko kaskazini wanalisifia kwa haki. Breki ya mstari ulionyooka: wenye tairi la gari wanasema nyuma inashika zaidi. Inawezekana, ila usisahau kwamba breki kali huhamisha uzito kwenda mbele, na mbele bado kuna tairi la pikipiki kwenye chaguo zote mbili.

Mzigo na pancha

180/60R16 ya pikipiki kwa kawaida ina namba ya mzigo 74, ambayo ni kilo 375. 195/55R16 nyingi zina 87, kilo 545. Tofauti inavutia ukizingatia kwamba GL1800 ya kizazi cha kwanza ina zaidi ya kilo 400 kabla hujapanda wewe, mama watoto na mabegi. Lakini namba hiyo ya gari imepimwa tairi likiwa wima. Na uwezo wa pikipiki haupandi kwa kubadilisha tairi: rimu, bearingi, springi na breki ni zile zile, na kikomo cha mzigo kilichobandikwa kwenye fremu kinabaki kilivyo.

Pancha ndiyo hoja nzuri zaidi ya upande wa giza baada ya bei. Tairi la gari la aina inayotembea bila upepo lina ubavu mgumu unaobeba uzito hata hewa ikiisha. Kwenye gari huahidiwa kilomita 80 kwa kasi isiyozidi 80 kwa saa. Gold Wing yenye tairi la kawaida likiisha upepo ghafla huyumba kama mlevi. Ubaya ni kwamba ubavu huo mgumu ndio ule ule unaopaswa kujikunja kwenye kona, kwa hiyo unaponunua usalama wa pancha unalipa kwa hendeli nzito. Mwenye tairi la pikipiki abebe vipande vya kuzibia na pampu ndogo ya umeme. Tairi zote mbili hazina tyubu, zinazibika barabarani.

Fundi, bima na sheria

Tairi la pikipiki utavalishiwa popote. La gari, maduka mengi ya pikipiki yatakataa kukuvalishia, na maduka ya magari yakiona rimu ya pikipiki nayo yatakataa. Gurudumu la nyuma la GL1800 limefungwa kwa nati tano kama la gari, linatoka kirahisi kuliko unavyodhani, na ndiyo maana wengi huishia kujivalishia gereji ya nyumbani, bila kizimba cha chuma cha kujikinga tairi likiruka. Rudi kwenye sehemu ya rimu.

Marekani hupima tairi za pikipiki kwa kiwango cha shirikisho namba 119, na za magari madogo kwa namba 139. Muhuri wa DOT kwenye tairi la gari, basi, haukuambii lolote kuhusu kulitumia kwenye pikipiki. Mpigie wakala wako wa bima na upate jibu kwa maandishi, kabla ya ajali. Ukiwa Ujerumani usisumbuke sana: tairi lisiloruhusiwa kwa pikipiki hiyo linaweza kukufutia kibali cha kuwa barabarani, na mkaguzi wa TÜV hatalifumbia macho.

Uchague lipi, kwa hali yako

*Unatembea chini ya kilomita 10,000 kwa mwaka, wikendi na likizo moja.* Tairi la pikipiki. Pesa ya kuokoa ni ndogo mno kulinganisha na unachobadilisha.

*Unapenda milima, Blue Ridge Parkway na barabara za namna hiyo.* Tairi la pikipiki, tena ulibadilishe kabla katikati halijawa bapa.

*Unavuka majimbo kwa barabara kuu, kilomita 40,000 au zaidi kwa mwaka, una uzoefu wa miaka mingi na pikipiki hii hii.* Hapa tairi la gari lina hoja ya kweli. Ukiamua, tafuta mtu aliyekwishavalisha mengi, atumie kizimba, na ukingo ukigoma kukaa kwa shinikizo lililoandikwa, liache. Kisha jizoeze kwenye uwanja mtupu: kugeuza taratibu, kukwepa ghafla, kukaza kona katikati.

*Umepata leseni juzi.* Tairi la pikipiki. Mwili wako bado unajifunza pikipiki inavyolala. Usiufundishe lugha mbili kwa wakati mmoja.

*Una mkokoteni wa pembeni au umegeuza Gold Wing kuwa ya magurudumu matatu.* Kwako mabishano ya kona hayana maana. Chombo hakilali, na tairi bapa ndilo linalofaa. Harley-Davidson Tri Glide hutoka kiwandani ikiwa na matairi ya aina ya gari nyuma, kwenye rimu zake zilizochongewa.

*Unanunua Gold Wing ya mkononi.* Chuchumaa usome ubavu wa tairi la nyuma. La pikipiki huwa na herufi M/C baada ya kipimo. Ukikuta 195/55R16 bila herufi hizo, muulize muuzaji nani alilivalisha na kwa shinikizo gani. Ukilibadilisha, mwambie fundi akague ukingo wa rimu pande zote mbili kwa ufa au kujipinda kabla hajavalisha jipya, na gharama hiyo uipunguze kwenye bei ya kununulia.